Fimbo Nyepesi kwa Maji ya Chumvi

Noemie aliwasha jiko kabla watoto hawajaamka. Aliwapikia uji mzito wa mahindi, akaweka na maziwa pembeni. Ilikuwa Ijumaa ya Kwaresima, kwa hiyo nyama haikuingia kikaangoni. Zamani, Ijumaa kama hiyo, nyumba nzima ilinukia samaki na kamba wa kukaanga. Sasa friza ilikuwa na barafu, na mfuko mmoja wa bamia.

Watoto walipokwisha kupanda basi la shule, Noemie alishuka ngazi. Nyumba yao ilisimama juu ya nguzo ndefu, kama nyumba zote za huku ukingoni mwa bayu, ule mto wa polepole unaoingia baharini. Chini ya nyumba, mumewe Clovis alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, anashona wavu.

"Unashona nini, Baba Tavie?"

"Wavu. Huoni?"

"Wavu wa boti gani?"

"Usinianze asubuhi, mwanamke."

Kimbunga cha mwaka jana kilivunja boti yao ya kuvulia kamba. Clovis alipojaribu kuiokoa, waya wa winchi, ile mashine ya kuvutia wavu, ulimpiga bega la kulia. Tangu siku ile mkono wake haukuweza kupanda juu ya sikio. Alishona nyavu kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

Simu ikalia. Alikuwa Zelime, dada mkubwa wa Clovis, anayekaa mjini.

"Wifi, nimewaza jambo," alisema Zelime. "Ijumaa Kuu ya mwaka huu njooni mle kwangu. Ninyi pumzikeni tu. Nitanunua samaki dukani. Wameshasafishwa, hawana hata mwiba."

Meza ya Ijumaa Kuu ilikuwa imekaa katika nyumba hii tangu enzi za babu yake Clovis. Ndugu wote walikuja hapa. Sharti lilikuwa moja: samaki wa siku hiyo avuliwe na watu wa nyumba wenyewe. Nyumba ikikosa samaki wake, meza inahamia kwa ndugu mwingine. Iliwahi kuhama kutoka kwa mjomba mmoja, na tangu hapo hakuna gari linalosimama mlangoni kwake.

"Meza haihami, wifi," alisema Noemie.

"Boti hamna."

"Miguu ninayo. Na maji hayajaenda popote."

"Utavua wewe? Wewe niliyekuzoea jikoni unamenya kamba?"

"Mimi huyuhuyu."

Zelime akacheka, lakini si kwa ubaya. "Haya. Nitakuja na samaki wangu ndani ya gari, kwenye barafu. Nikikuta meza yako ni tupu, tunahamia kwangu siku hiyohiyo. Mama amezeeka, wifi. Hawezi kulishwa maneno."

Noemie alipokata simu, Clovis alikuwa amesimama nyuma yake.

"Umemwambia dada kwamba utavua?"

"Nimemwambia."

Clovis akachukua funguo za gari. "Kama ni kuvua, basi vua na kitu cha maana."

Alirudi mchana, mkono mzima umebeba fimbo ya kuvulia. Ilikuwa fupi na nene kama mpini wa jembe. Chini yake palikuwa na rili, yaani kile kigurudumu cha kukusanyia mshipi. Rili yenyewe ilikuwa kubwa kama sufuria ya maziwa. Mshipi wake ulikuwa mnene, unaweza kuufungia mbuzi.

"Hii haikatiki," alisema Clovis kwa fahari.

"Mbona nzito hivi?"

"Uzito ndio nguvu. Chuma hakina hasara."

Akaketi, akafungua rili, akaipaka grisi iliyobaki kwenye kopo la winchi. Akaijaza mpaka ikafurika. Halafu akakamata koleo, akakaza breki ya rili mpaka mwisho.

"Breki ikilegea mtu anaumia," alisema, na mkono wake ukaenda wenyewe begani. "Samaki akishika, wewe vuta. Usimpe hata inchi moja."

Noemie alikata leseni yake ya kuvua, akaanza kazi. Kila asubuhi, watoto wakishaondoka, alitembea hadi mwisho wa barabara. Hapo lami inaisha, kokoto za makombe ya chaza zinaanza, na bayu inafunguka kwenye nyasi za maji ya chumvi. Alifunga ndoana ndogo yenye risasi kichwani, akavika kamba wa mpira. Hiki ndicho chambo alichoona watu wa huko wakitumia. Chote hakikuzidi uzito wa maharage machache.

Alirusha kwa nguvu zake zote. Chambo kikaanguka karibu na buti zake.

Akarusha tena. Kikaanguka palepale.

"Sawa," alijiambia. Akaongeza chubwi kubwa la risasi. Sasa kiliruka mbali, kikatumbukia kwa kishindo, kikazama moja kwa moja kati ya chaza, kikanasa. Alivuta mpaka mikono ikatetemeka. Alirudi nyumbani bila samaki, bila chambo, bila chubwi.

Kesho yake alikwenda tena. Keshokutwa pia. Siku moja aliweka kamba hai, akamwacha achezecheze karibu na nyasi. Samaki akashika! Noemie akakumbuka maneno ya mumewe. Akavuta kama winchi. Maji yakapasuka, mgongo mwekundu ukaonekana, kisha ndoana ikarudi peke yake. Kwenye ncha yake kulikuwa na kipande kidogo cha mdomo wa samaki.

Noemie alikaa chini kwenye makombe. Si kwamba alilia. Alikaa tu, akaangalia ile nyama ndogo kwenye ndoana.

Nyumbani aliosha fimbo kama walivyokuwa wakiosha sitaha ya boti. Alichukua bomba la maji, akabana mdomo wake kwa kidole gumba, akaipiga rili kwa kasi kila upande. Wiki iliyofuata rili ilianza kulia kama kinu cha kahawa.

"Imekula chumvi," alisema Clovis. "Tuongeze grisi."

Zelime akapiga simu. "Wifi, wangapi mpaka sasa?"

"Wanakuja."

"Wanakuja kwa basi?"

Noemie akacheka japo hakupenda. Ijumaa Kuu ilikuwa inakaribia.

Asubuhi moja basi la njano la shule lilisimama mwisho wa barabara. Alishuka dereva wake, Bi Verlie, mwanamke mfupi mwenye kofia ya majani na buti nyeupe za mpira. Ni jirani yao, nyumba ya tatu. Kila siku akishafikisha watoto, Bi Verlie alivua mpaka saa ya kuwarudisha. Kwa kawaida alikwenda upande wa pili wa daraja. Leo maji ya huko yalikuwa machafu, akaja huku.

Alisimama akamtazama Noemie akirusha. Akamtazama tena.

"Mama Tavie," alisema mwishowe, "unavua samaki, au unavuta trekta iliyokwama?"

"Usinicheke, Bi Verlie. Nina siku chache."

"Sikucheki. Nipe hicho nishike." Alipokipokea, mkono wake ulishuka mpaka gotini. "Bwana wangu! Hii ni ya papa. Hii ni ya watu wanaokwenda mbali mpaka nchi kavu haionekani. Wewe uko hapa pembeni, maji ya kiunoni."

"Clovis anasema chuma hakina hasara."

"Clovis ni mtu wa nyavu. Maisha yake yote amevuta kamba kwa kamba. Wavu hauna akili ya kukimbia, jirani. Samaki anayo." Bi Verlie akampa fimbo yake mwenyewe. "Shika hii."

Noemie aliishika. Ilikuwa ndefu kumpita yeye, lakini nyepesi, kana kwamba hakupewa kitu.

"Hii si ya mtoto?" aliuliza.

"Hiyo imenilisha miaka mingi. Itikise. Unaona nini?"

Noemie aliitikisa. "Ncha inacheza. Hapa chini hapachezi."

"Basi umeshajua nusu ya somo. Ncha laini inarusha kitu chepesi. Tena inakuambia samaki anapoonja. Hapa chini pawe pagumu kiasi, ili ndoana iingie, na umgeuze samaki asikimbilie chaza. Ikiwa laini yote, ni mjeledi. Ikiwa ngumu yote, ni mpini wa jembe, kama huo wako."

"Na urefu?"

"Futi saba, hapo karibu. Ukivua kutoka ukingoni, urefu unakupeleka mbali. Ukiwa ndani ya mtumbwi mdogo, chukua fupi kidogo isikusumbue." Bi Verlie akaweka kidole juu ya mpini. "Sasa soma hapa."

Noemie akasoma polepole. Palikuwa na maandishi madogo: uzito wa mshipi unaofaa, na uzito wa chambo unaofaa.

"Kila fimbo imeandikwa. Ndiyo maana nasema kusoma si kwa ajili ya misa tu. Haya, soma yako."

Noemie akaifuta matope fimbo ya Clovis, akasoma. Uzito wa chambo ulioandikwa pale ulikuwa mkubwa kama nyundo.

"Kumbe!" alisema. "Chambo changu ni chepesi mno kwake. Fimbo haikioni kabisa."

"Ndiyo sababu kinakuangukia miguuni. Si mkono wako mbaya."

Noemie akavuta pumzi. Ni kama mtu alikuwa amemtua mzigo. "Nifundishe yote, Bi Verlie. Nitaacha vyombo jikoni, lakini nifundishe."

"Vyombo usiache, mama mkwe wako ataniloga. Jumamosi twende dukani."

Jumamosi walikwenda na ile fimbo nene kwenye gari. Duka la chambo lilikuwa la mzee Ulysse, mtu mwenye maneno mengi. Fimbo zilisimama ukutani kama miwa. Ulysse akatoa rili moja ya kung'aa, rangi ya dhahabu.

"Hii hapa, mama. Wote wanaitaka hii."

"Ni ya maji ya chumvi?" aliuliza Noemie.

"Ni rili nzuri sana."

"Nimeuliza, ni ya chumvi?"

Ulysse akakuna shingo. "Ni ya ziwani. Lakini ukiosha..."

"Basi waichukue watu wa ziwani."

Bi Verlie aligeuka ukutani ili Ulysse asione anavyocheka.

Noemie alichukua nyingine, ya kijivu. Hii ilitengenezwa kwa chumvi, na vyuma vyake havikuwa vya kushika kutu upesi. Alizungusha mkono wa rili taratibu, sikio karibu, kama Bi Verlie alivyomfundisha njiani. Haikulia wala kukwaruza. Kisha akalegeza breki, akavuta mshipi kwa vidole. Ulitoka laini, mfululizo. Ile ya dhahabu, alipoijaribu, ilitoa mshipi kwa kushtuka, kwenda na kusimama.

"Breki ya kushtuka inakata mshipi," alisema Bi Verlie. "Hiyo uliyoshika ni nzuri. Na ukubwa wake ni huohuo unaotakiwa, rili ndogo ya kutosha ngumi. Huvui nyangumi."

Noemie akaonyesha rili za aina nyingine, zile zinazokaa juu ya fimbo badala ya kuning'inia chini. "Na hizi?"

"Nzuri, lakini zinataka kidole gumba kinachojua kazi. Ukikosea, mshipi unajifunga kama kiota cha ndege, unashinda siku nzima unafungua. Anza na ya kuning'inia. Hizo utazifuata mwenyewe siku moja."

"Mimi natumia mkono wa kushoto kuandika."

"Neno zuri, nami sikukuuliza. Mkono wa kuzungushia unachomoka, unahamia upande wowote. Ulysse, mhamishie mama. Fimbo ishikwe na mkono wenye nguvu."

Walifunga rili kwenye fimbo moja ya futi saba. Noemie akaiweka juu ya kidole kimoja, mbele kidogo ya rili. Fimbo ikatulia, haikuanguka mbele wala nyuma. Akaitazama kila pete inayopitisha mshipi, akapitisha kipande cha pamba ndani yake. Pamba haikunasa. Maana yake pete hazikuwa na ufa wa kukata mshipi.

Mshipi walichukua wa kusuka, mwembamba kama uzi wa kushonea gauni. Mwisho wake Bi Verlie alimwonyesha kufunga kipande kingine kinene zaidi, chenye kuonekana kama kioo, urefu wa mkono mmoja. "Huu mwembamba unaruka mbali. Huu wa kioo unavumilia kusuguliwa na chaza, na samaki hauoni vizuri."

Ulysse alikubali kuchukua ile fimbo nene kama sehemu ya malipo. Alikuwa na wateja wa kwenda mbali baharini. Alipoifungua rili yake alishtuka. "Nani ameweka grisi ya trekta humu?"

"Ya winchi," alisema Noemie. "Usiniulize zaidi."

Clovis alipoona fimbo mpya, aliweka wavu chini.

"Umebadilisha chuma kwa unyoya?"

"Nimebadilisha."

"Hicho kijiti samaki atakifanya mswaki. Mshipi wenyewe siuoni!"

Noemie alikuwa amelitegemea neno hilo. Alikuwa ameomba Bi Verlie asiende kwanza nyumbani. Akafunga mwisho wa mshipi kwenye kipande cha mti, ili usikate kiganja, akampa mumewe akishike kwa mkono wake mzima, wa kushoto.

"Baba Tavie, leo wewe ni samaki."

"Mimi?"

"Wewe. Kimbia."

"Mbele ya majirani?"

"Samaki haoni aibu," alisema Bi Verlie. "Kimbia, baba!"

Clovis akakimbia uani. Fimbo ikajipinda kama upinde. Rili ikaimba, mshipi ukatoka. Alikimbia mpaka banda la kuku, akajaribu kuvuta kwa nguvu, lakini kila alipovuta breki ilimpa kidogo, na kila alipopumzika Noemie alimrudisha. Kuku wakatawanyika. Watoto wakashangilia ngazini: "Baba kashikwa! Baba kashikwa!" Mwisho Clovis alirudi hatua kwa hatua, anahema, mbele ya mke wake.

"Mshipi mwembamba umenirudisha," alisema.

"Haukukurudisha mshipi. Umechoka mwenyewe," alisema Noemie. "Sasa kimbia tena."

Safari hii, kabla hajaanza, Noemie alikaza breki mpaka mwisho. Clovis akatoka kwa kishindo. Tap! Mshipi ukakatika, naye akaketi kwenye matope, kipande cha mti mkononi.

"Umefunga breki!" alipiga kelele.

"Kama ulivyofunga ile ya kwanza."

Watoto walicheka mpaka wakaketi. Clovis alikaa kwenye matope, akatazama kile kipande cha mti. Alikuwa mtu mkaidi, lakini hakuwa mjinga.

"Breki hii inafungwa kiasi gani?" aliuliza mwishowe.

Bi Verlie akafunga mshipi upya, akauning'iniza kwenye mizani ya kupimia samaki. "Vuta fimbo. Mshipi uanze kutoka ukifika robo ya nguvu yake. Ukikaza sana, theluthi. Usizidishe. Hiyo iliyobaki ni akiba, samaki akishtuka ghafla."

"Kwenye winchi tunafunga yote," alisema Clovis kwa sauti ndogo.

"Kwenye winchi mnavuta wavu."

Clovis akanyoosha mkono. Noemie akampa fimbo. Aliishika kwa mikono miwili, chini, karibu na mbavu. Hakuinua bega. Akaizungusha kidogo tu kwa kifundo cha mkono, pembeni, kama mtu anayefungua kitasa. Risasi ndogo ya majaribio iliruka juu ya uzio, ikaanguka mbali barabarani.

Clovis akakusanya mshipi. Akarusha tena, pembeni vilevile. Ikaenda mbali zaidi.

"Haiumi," alisema. Alisema kama mtu anayeuliza. "Mama Tavie, haiumi."

Noemie aligeukia banda la kuku, akaanza kuwaita kuku ambao tayari walikuwa wamerudi.

Wiki takatifu ilianza na mvua. Jumatatu hapakuvulika. Jumanne na Jumatano upepo wa kaskazini ulisukuma maji yote nje, matope yakabaki yanang'aa. Zelime hakupiga simu hata mara moja, na hilo lilimsumbua Noemie kuliko kama angepiga.

Alhamisi upepo ulilegea. Noemie na Clovis walifika mwisho wa barabara wakati ukungu haujaondoka. Maji yalikuwa yanarudi polepole kwenye mifereji ya nyasi.

"Anza wewe," alisema Clovis.

"Kwa nini mimi?"

"Ni wewe uliyeongea na dada yangu."

Noemie akarusha. Kamba wa mpira alikwenda mbali, akaanguka bila kelele karibu na nyasi. Akamvuta taratibu, akampumzisha, akamvuta. Ncha ya fimbo ikasema tik. Kidogo hivyo. Akainua. Samaki wa madoadoa akatoka majini. Wakampima kwa rula. Hakufika kipimo cha sheria.

"Arudi," alisema Noemie, akamrudisha.

Wa pili alifika. Wa tatu akafika. Clovis naye akarusha kwa zamu yake, mkono chini, akatoa mmoja mnene. Alicheka kwa sauti, peke yake. Lakini ndugu wangekuwa wengi, na samaki hawa ni wa kukaanga tu. Mchuzi mzito wa nyanya, ambao Mama Ozelia, mama yake Clovis, huulizia kabla hajavua kofia, unataka samaki mwekundu.

Jua lilikuwa limeshapanda wakati mshipi uliposimama ghafla. Noemie alidhani amenasa chaza. Kisha chaza ile ikaondoka.

Rili ikalia. Mshipi ukatoka, ukatoka, ukaelekea kwenye nguzo za zamani za gati. Mkono wa Noemie ukaruka kwenda kwenye breki. Kila kitu mwilini mwake kilimwambia akaze. Aliona kile kipande cha mdomo kwenye ndoana. Aliona gari la Zelime limejaa barafu.

"Anaenda kwenye nguzo!" alisema Clovis. Midomo yake ilikuwa imeshaanza kusema *kaza*. Akaifunga kwa kiganja.

Noemie hakukaza. Aliinamisha fimbo pembeni, upande wa mbali na nguzo, kile kipande kigumu cha chini kikafanya kazi yake. Samaki akageuka. Akakimbilia maji ya wazi. Noemie akampa mshipi. Alipopumzika, akachukua. Akampa, akachukua. Mikono ilimuuma lakini haikutetemeka.

Alipokuja karibu, doa jeusi la mkiani, alama ya samaki mwekundu, lilionekana wazi. Clovis aliingia majini na viatu vyake, akamkumbatia samaki kwa mkono mzima.

Rula ikasema anafaa.

Wakapata wa pili baada yake, kisha wakaacha. Waliokuwa nao waliwatosha, na hawakuzidi idadi ya sheria.

Nyumbani Noemie hakushika bomba, kwani Bi Verlie alimwambia kuwa maji ya kasi husukuma chumvi ndani ya rili. Alikaza breki ya rili ili maji yasiingie ndani, akaimwagia maji baridi kwa upole, kama mtu anayeosha uso wa mtoto. Akaikausha kwa kitambaa, akaweka tone moja la mafuta mepesi, kisha akalegeza breki ili isilale imebanwa. Clovis alimtazama, akalibeba kopo la grisi ya winchi, akaliweka rafu ya juu kabisa.

Siku ya Ijumaa Kuu magari yalijaza uwanja. Zelime alifika na sanduku lake la barafu kwenye buti ya gari. Alipanda ngazi akiwa na viatu vya kanisani, akasimama mlangoni. Mezani kulikuwa na samaki wa kukaanga, wali, saladi ya viazi, na sufuria kubwa ya mchuzi mwekundu.

"Ulysse amekuuzia?" aliuliza.

"Kamuulize kaka yako," alisema Noemie.

Clovis akamwonyesha nguo zake zilizotundikwa, bado zina tope. "Kamkumbatie samaki uone kama anauzwa."

Mama Ozelia alikaa, akaonja mchuzi kwanza. Akaonja tena. Kila mtu alisubiri.

"Zelime," alisema, "hao uliokuja nao, rudi nao. Watakufaa wiki ijayo."

Watu wakacheka, Zelime pia. Akavuta kiti, akala sahani mbili. Baada ya chakula aliwakuta Noemie na Clovis chini ya nyumba, wanatoka na fimbo.

"Mnakwenda kuvua? Leo? Si mwiko?"

"Mwiko ni kuchimba udongo," alisema Mama Ozelia kutoka juu ya ngazi. "Maji hayachimbwi. Nenda, upunguze maneno."

Zelime alivua viatu vya kanisani, akavaa buti za Noemie, ambazo zilimbana. Mwisho wa barabara alirusha mara kadhaa, na mara moja ndoana ikashika kofia ya Clovis. Halafu fimbo ikajipinda mikononi mwake, rili ikaanza kulia, na Zelime akapiga kelele iliyofika darajani.

"Wifi! Anaondoka! Nifunge wapi? Nifunge wapi?"

"Usifunge popote," alisema Noemie, mikono yake nyuma. "Shika fimbo tu, wifi. Atachoka kabla yako."